Muhuri wa Wavunja Mawe

Jumatatu, kwenye dirisha la redio yetu hapa Kasongo, ninapofanya ulinzi, mama mmoja anayevunja mawe ya barabara alileta komunike, yaani tangazo la kusomwa hewani. Lilisema jiwe limempofusha mwenzao, na wamama wavunja mawe hawatarudi kazini bila miwani ya kukinga macho.

“Mama, komunike inataka muhuri wa mkubwa wa kazi,” alisema mpokeaji.

“Papa, ni yeye tunamusema. Atatupigia muhuri?”

Akalowesha kiganja chake chenye vumbi jekundu, akakigandamiza kwenye karatasi. “Muhuri iko hii.”

Saa sita tangazo likasomwa. Alhamisi mkubwa alileta miwani kwa pikipiki hapa redioni, akataka wamama wasaini kwamba wameipokea. Wakasaini kwa viganja. Mimi shule niliiachia njiani, lakini saini zile nilizisoma zote.