Mshono wa Papa Damascène

Damascène Habineza hajawahi kurusha mpira maishani mwake, wala hajawahi kushika gongo la besiboli. Ukimwuliza sheria za mchezo huo atakuambia kwamba mmoja anarusha, mwingine anapiga, na waliobaki wanapiga kelele. Hata hivyo nasema, na nitasema mbele ya yeyote anayetaka ubishi, kwamba hapa Keshero, mtaa wetu wa Goma, hakuna aliyeutendea mchezo huo mema kumzidi yeye.

Mimi ni Cikuru, karani, mtu wa Bukavu niliyezeekea Goma, na ugonjwa wangu ni mambo madogomadogo ya besiboli. Nayasoma kwenye simu, kisha nawatesa nayo watu. Je, unajua kwamba mipira ya Marekani inashonwa kwa mkono mpaka leo? Je, unajua kwamba mwaka 1968 warushaji wa huko walikuwa na nguvu hata wapigaji wakawa kama vipofu, na mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo wakakishusha kilima anachosimamia mrushaji, ili mpigaji naye apate kupumua? Mke wangu Léonie anasema kichwa changu ni kama soko la Kituku, kelele nyingi na samaki wachache. Damascène peke yake ndiye aliyekuwa akinisikiliza, labda kwa sababu mtu mwenye kiatu magotini na misumari mdomoni hawezi kukimbia.

Yeye ni fundi viatu. Kazi alifundishwa na mjomba wake kule Rutshuru, lakini ni Goma iliyomfundisha kushona. Mawe ya volkano yanakula viatu. Ukishona kiatu kwa namna ya miji mingine, baada ya muda mfupi uzi umekatika na kidole cha mwenye kiatu kinasalimia watu barabarani. Kwa hiyo Damascène alibuni mtindo wake: anakunja ncha za ngozi kwa nje, zinasimama kama ukingo, na uzi unajificha nyuma yake. Jiwe linakula ngozi kwanza, uzi unabaki. Vijana wanavicheka viatu vyake, wanasema vina midomo. Wanavicheka, kisha wanamletea vyao.

Tangu kiwanja cha ndege kifungwe, mipira ya kutoka nje haikuonekana tena. Buhendwa, mwalimu wa timu ya wasichana wa Keshero, alimwendea Damascène, naye akakubali bila kuuliza mengi. Moyo wa mpira aliutoa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, akauzungushia nyuzi za sweta kuukuu, akauvika ngozi ya mbuzi. Na ngozi hiyo akaishona kama anavyoshona kila kitu, ncha zikiwa nje, zimesimama.

Sasa nikueleze juu ya Umurerwa, binti yake, msichana wa miaka kumi na sita. Yeye ndiye mrushaji wa Keshero. Mpira ukitoka mkononi mwake unakuja umenyooka na kwa adabu, kisha ukifika karibu na mpigaji unageuka na kushuka, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Niyigena, mrushaji wa timu ya Lac Vert, alitumia mpira uleule, lakini mkononi mwake ulienda moja kwa moja na ukapigwa. Kwa hiyo hakuna aliyeushuku mpira. Tulisema ni mkono, na kweli ulikuwa mkono.

Zamani Umurerwa alikuwa "mutoto wa fundi viatu", basi. Ni uwanjani watu walipolijua jina lake. Kila Jumapili baada ya misa baba yake alisimama kando ya ukuta wa parokia, unaopakana na uwanja, amekunja mikono, akijitahidi uso wake usicheke. Jitihada hiyo ilikuwa bure, tulimwona wote.

Lakini mchezo ulianza kufa. Wasichana wa Lac Vert walikuja kwa miguu kutoka barabara ya Sake, wakasimama mmojammoja mbele ya Umurerwa, wakakosa, wakaketi. Kila safari walikuja wachache zaidi. Mwishowe Moïse, mwalimu wao, alimwambia Buhendwa kwamba Jumapili inayofuata ndiyo ya mwisho, baada ya hapo wanarudi kwenye mpira wa miguu.

"Batoto yangu banatoka mbali kuja kupiga upepo," alisema. "Upepo iko hata kwetu."

Na timu nyingine ya kucheza nayo haikuwepo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Buhendwa alitafuta njia. Kumrudisha mrushaji nyuma hakuwezekana, nyuma yake ni ukuta wa parokia. Kushusha mahali anaposimama, kama walivyofanya Wamarekani wangu, hakuwezekana pia, kwa maana anasimama juu ya mgongo wa lava, na lava haijali jembe. Nilimwuliza kama atamtoa Umurerwa, amweke msichana mwingine arushe.

"Kumutosha juu ya kujua kazi?" akaniambia. "Ile ni azabu, Papa Cikuru. Siwezi."

Wiki ile nilikaa kwenye kibanda cha Damascène, nikaanza kumwaga hekima zangu. Nilimweleza kwamba nimesoma kitu kitamu: kinachougeuza mpira hewani ni mshono. Mshono ukiinuka unakamata hewa, mrushaji anafurahi. Ukilala, mpira unanyooka, na zamu ya kufurahi ni ya mpigaji. Yaani mchezo mzima, nikasema, umekaa juu ya unene wa uzi.

Damascène alitoa misumari mdomoni. Alivuta mpira mmoja wa zamani kutoka chini ya meza, akaupitishia kidole gumba polepole. Mimi niliendelea kusema, maana nikianza sisimami. Aliponikatiza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Papa Cikuru, nikitosha hii mushono, mutoto wangu atabakia na nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye kidole chake kulikuwa na mambo mawili, jina la binti yake na mchezo wenyewe, na asingeweza kuyashika yote. Akiuacha mshono ulivyo, Umurerwa anabaki malkia wa uwanja usio na watu. Akiulaza, yeye mwenyewe, baba, ndiye atakayemvua mwanawe taji. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Siku kadhaa nilipopita alinijibu kwa mkato, na mara moja aliniambia wazi kwamba maneno yangu yanamletea mawazo. Sikumlaumu.

Jumamosi nilimkuta ameweka mpira mpya juu ya mguu wa chuma anaogongea viatu, anaugonga kwa nyundo taratibu. Ncha za ngozi alikuwa amezikunja ndani. Uzi ulikuwa mwembamba, na mshono umelala kama wa kiatu cha harusi. Ndani alikuwa amezungusha nyuzi kwa kukaza sana, ili mpira uruke ukipigwa.

"Hii haitadumu," aliniambia bila kuinua kichwa. "Mawe itakula uzi. Kila wiki nitashona ingine."

Nilimwuliza kama amemwambia Umurerwa.

"Hapana. Nikimuambia atasema sawa, juu ni mutoto muzuri. Sipendi aseme sawa juu ya kunifurahisha."

Kuna desturi kwenye uwanja wetu, imezaliwa na mipira hii ya kushonwa, ambayo mingine hutoka na umbo la kiazi. Kabla ya kuanza, warushaji wote wawili wanapewa mpira waushike. Mmoja wao akisema "hii hapana", hakuna anayemwuliza sababu, unaletwa mwingine. Jumapili ile Niyigena aliugeuza mara moja, akatikisa kichwa kukubali, akampa Umurerwa.

Umurerwa aliupokea huku anaongea na wenzake. Kidole chake kilipita juu ya mshono, kikasimama, kikarudi. Kisha akainua macho, akatazama moja kwa moja kwenye ukuta wa parokia, aliposimama baba yake. Mpira wa zamani ulikuwa ndani ya mfuko wa Buhendwa, neno moja lingeutoa. Mimi nilikuwa bega kwa bega na Damascène, na ninaapa kwamba mtu yule aliacha kupumua.

"Ni muzuri," Umurerwa alisema, akapanda kwenye jiwe lake.

Msichana wa kwanza wa Lac Vert aliupiga. Aliupiga hasa, mpira ukapita juu ya vichwa vyetu na kuanguka kwenye shamba la kabichi nyuma ya ukuta, naye akabaki amesimama na gongo lake, kwa kuwa uwanjani pale hakuwahi kuhitaji kukimbia. Moïse alimsukuma mgongoni ndipo akaondoka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Wa pili alikosa, wa tatu akapiga tena. Umurerwa alijaribu kila alichojua. Mipira mingine ilimtii, mingi haikumtii, na mwishowe Keshero ilishindwa kwa mara ya kwanza tangu aanze kurusha.

Sijawahi kuona mechi tamu kama ile, na Damascène hakuiona. Tangu pigo la kwanza aliugeukia ukuta, akawa anaukagua kama mtu aliyeitwa kuutengeneza.

Ilipokwisha, Moïse alimwendea Buhendwa akauliza kama Jumapili ijayo wacheze hapa au kwao. Wasichana wake walikuwa bado wanabishana nani alipiga mbali zaidi. Umurerwa aliwapa mkono wote, kisha akaja kwetu na vumbi jeusi mpaka magotini, akaketi juu ya jiwe kando ya baba yake, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Mutoto wangu," Damascène alisema, "ile mupira..."

"Najua, Papa."

"Uliona?"

"Niliigusa tu, nikajua."

"Na uliweza kusema hapana."

"Niliweza."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Umurerwa alivua kiatu cha kwanza, akamwaga changarawe.

"Ni weye uliishona, Papa."

Damascène Habineza alilia pale pale, amevaa koti la misa, mbele ya Keshero yote na nusu ya Lac Vert, na hakuficha uso. Nimemheshimu kwa viatu vyake tangu nimjue, lakini siku ile nilimheshimu kwa machozi. Umurerwa alimwacha alie kidogo. Kisha akamwomba ule mpira arudi nao nyumbani, kwa sababu alitaka mkono wake uuzoee kabla ya Jumapili.