Jina la Baba Mkwe kwenye Fomu ya Kodi

Mwanangu, siku niliyoshindwa kuandika jina la baba mkwe wangu ninaikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Ya harusi nakumbuka njaa na viatu vilivyonibana, basi. Nakusimulia leo kwa sababu Jumatatu unaanza ukarani kwenye chama cha wakulima. Najua watakufundisha kujumlisha na kutoa, lakini hili sidhani kama kuna atakayekwambia.

Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Kiruruma, na nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Wanachama walikuwa wakianika kahawa chini, inashika udongo, bei inashuka. Kamati ikaamua kujenga sakafu ya saruji, ikamchagua fundi mwashi hodari kuliko wote wa huku. Fundi huyo alikuwa baba wa mume wangu. Alifanya kazi wiki sita, na sakafu yake mpaka leo haina ufa. Siku ya malipo nilifuata sheria: nikakata asilimia tano, ile kodi ya zuio, nikampa iliyobaki. Alisaini bila kinyongo, maana mwenyekiti alikuwa amemweleza kwamba fedha iliyokatwa inapelekwa serikalini kwa niaba yake. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Shida ilianza kwenye fomu. Ilikuwa na nafasi ya jina la aliyelipwa na namba yake ya mlipakodi. Sasa wewe umezaliwa juzi, hujui. Nyumbani kwetu wakati ule mwanamke aliyeolewa hakulitamka jina la baba mkwe wake. Ukilitamka, mawifi na mashangazi wanakusema mpaka unazeeka. Na kumwendea mzee kumwomba namba ya kodi, kama askari anayesimamisha pikipiki barabarani? Niliona haya. Nikaandika "Fundi wa chama", nafasi ya namba nikaiacha wazi, nikalipa fedha benki na kupeleka fomu ofisi ya kodi Kayanga. Aliyeipokea hakuuliza kitu. Hati ya zuio niliyopaswa kumpa baba sikuiandika kabisa, kwa sababu nayo ilitaka jina. Nikarudi nyumbani nikijisifu, eti nimemheshimu mzee.

Mwaka uliofuata baba alisikia kuna kazi Murongo, kule mpakani. Mfanyabiashara mmoja alitaka kujenga maghala mawili, na alitaka fundi mwenye karatasi zilizokamilika. Kazi hiyo ndiyo ingemlipia binti yake wa mwisho, wifi yangu, ada ya chuo cha uuguzi. Nafasi ya chuo binti alikuwa ameshaipata. Baba akaenda Kayanga kuomba hati ya kuonyesha kwamba hadaiwi kodi. Kwa uaminifu wake akaitaja ile kazi ya chama. Wakatafuta kodi iliyokatwa kwa jina lake, hawakuiona. Akaambiwa anadaiwa.

Hakunigombeza. Baba mkwe hamgombezi mke wa mwanawe. Alimtuma mama mkwe, akaniambia tukiwa tunamenya ndizi, "Baba yenu anauliza, ile fedha uliyomkata ilikwenda wapi?"

Nilielewa kwamba nyumba nzima inaniona mwizi.

Kesho yake tulikwenda Kayanga, baba mbele, mimi nyuma. Ofisa alikuwa kijana mpole wa Muleba. Alimwamkia mzee shikamoo, akafungua faili, akaiona fomu yangu.

"Fedha ilifika," akasema. "Ila huyu Fundi wa chama ndiye nani?"

"Ni huyu mzee," nikajibu.

"Mzee ana jina lake, dada. Siwezi kurekebisha kumbukumbu kwa kuandika mzee."

Nilijaribu, ulimi ukagoma. Baba akasema, bila kunitazama, "Nitaje, mama. Nimekuruhusu. Heshima hii unayonipa inaninyima kazi."

Nikalitaja. Nililitaja mara mbili, maana ya kwanza hakuna aliyesikia. Nikaandika barua ya kuomba marekebisho, nikaandika na hati ya zuio, nikampa baba kwa mikono miwili.

Marekebisho yalichukua wiki tatu. Tajiri wa Murongo hakungoja, akampa kazi mtu mwingine. Wifi yangu alikaa nyumbani mwaka mzima akichuma kahawa pamoja nami kibanjani, na hakunitupia neno hata moja. Heri angenitukana. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Basi nisikilize. Yeyote mtakayemlipa kwa huduma na si mwajiriwa wenu, awe fundi au mtu wa kutengeneza kompyuta, mwombe jina kamili na namba ya mlipakodi kabla hajaanza kazi. Hata akiwa mjomba wako. Ukikata, lipa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na taarifa uijaze kwa jina lake. Kisha mpe hati yake, usingoje aje kuiomba, kwa sababu wengi hawajui hata kwamba ipo. Na usiache kukata kwa kumwonea mtu haya, maana chama ndicho kitakachodaiwa, na chama ni wakulima. Viwango navyo hubadilika, kwa hiyo uliza ofisini kila mwaka, hakuna atakayekucheka. Akikucheka, mwache acheke, wewe andika.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe macho mazima na moyo usioona aibu kuuliza. Akubariki wewe na wote utakaowalipa, na pasiwe na binti wa mtu atakayekaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya nafasi uliyoiacha wazi.