Redio Tuliyopunguziwa

Katika miaka ya hamsini, mume wangu alipopata kazi bandarini, tulitoka mtaani kwetu Mabawa kwenda mjini kununua redio. Kubishana bei ilikuwa kazi yangu, nami nilisifika kwayo.

Mwenye duka, mzee mwembamba, aliitikia shikamoo yetu, akataja bei.

"Punguza, mzee wangu," nikasema, "na betri utupe bure."

"Sawa, binti yangu."

Nilishangaa, lakini tamaa ikanisukuma. Nikadai na kitambaa kilichodariziwa maua, kilichoifunika redio. Mikono yake ikasita kidogo, kisha akanipa.

Mlangoni mume wangu akamuuliza mbona hakubishana kabisa.

"Aliyekuwa akibishana na wateja ni mke wangu," akajibu. "Tumemzika Ijumaa. Kitambaa hicho alikidarizi yeye."

Nilirudi nikakiweka mezani. Akanirudishia, akasema kwamba nimekwisha kupewa.

Redio ilidumu miaka mingi. Kitambaa sikuthubutu kukitumia wala kukitupa. Na hata leo, kila ninapoomba kupunguziwa dukani, naisikia sauti ya mwanamke nisiyemjua ikinijibu kwa upole, "Haipungui, mwanangu."