Kifuniko cha Bomba la Moshi

Siku niliyoanza kazi mtamboni, fundi mkuu alinipa kalamu ya wino kabla ya kunionyesha injini. "Hapa hatufuti," akasema. "Ukikosea, piga mstari mmoja, andika upya, tia sahihi." Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, baba na mama walipofariki wakaniachia wadogo watatu mtaani kwetu Kisugu. Vyuma nilivijua kutoka karakana za Katwe. Kusoma mita nilifundishwa na fundi mkuu huyo.

Ulikuwa mtambo mdogo wa umeme wa kiwanda: injini moja ya gesi inayozungusha jenereta. Moshi wake tuliupima kwa kuingiza kijiti cha kipimo katika bomba refu la kutolea moshi. Kilituonyesha hewa ya ukaa, ile inayoipasha dunia joto, na oksijeni iliyobaki.

Miaka mingi baadaye akaja meneja mpya wa mitambo. Asubuhi ya ukaguzi wa moshi nilimkuta ameshajaza daftari la vipimo mwenyewe, kazi iliyokuwa yangu. Hewa ya ukaa ilikuwa imeshuka ajabu, lakini oksijeni imepanda. Nikazunguka nyuma ya bomba. Kifuniko cha kusafishia, chini ya kipimo, kilikuwa kimelegezwa, na bomba linavuta upepo wa nje.

"Nnyabo, tia sahihi," akasema, akiniita bibi kwa adabu.

"Ssebo," nikamjibu, nami nikimwita bwana, "huu si moshi wa injini. Ni moshi na upepo."

"Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La sita. Upepo tulishausoma."

Mafundi wakacheka. Yeye akanisogelea. "Nikikufukuza, wadogo zako watakula huo upepo?"

Wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo Kyambogo. Nikachukua spana. Wakaguzi walipokuwa wanaingia, nilikuwa nakaza kifuniko. Nikapima tena mbele yao, nikapiga mstari juu ya namba za meneja, nikaandika zangu, nikatia sahihi.

Kiwanda kiliamriwa kuitengeneza injini, na baada ya matengenezo ikatumia gesi kidogo kwa umeme uleule. Mimi nilihamishiwa pampu za maji, uani. Sikupandishwa cheo tena. Wadogo zangu walimaliza masomo nikiwa hukohuko.

Kwenye chai ya kuniaga nilipostaafu, meneja yuleyule aliniuliza, "Mama, mtambo mdogo vile, kupima tena siku ile kulikuwa na maana gani?"

"Kama ulikuwa mdogo," nikamwambia, "mbona uliuogopa moshi wake?"

Akanywa chai yake. Mimi nikaomba kikombe cha pili.