Fundi Ambaye Lifti Yake Haikuharibika

Ndugu zangu, kuna watu huponzwa na uzuri wa kazi yao. Mmoja ni fundi lifti wa jengo la uhamiaji, mgeni kutoka nchi nyingine, ambaye wenzake walimwita Kamba Haikatiki.

Kibali chake kilikuwa cha miaka sita, kikomo cha kisheria. Kuongezewa zaidi ni kwa yule tu ambaye ujuzi wake hauna mbadala. Naye alihitaji mwaka mmoja zaidi, binti yake amalize shule.

Afisa wa vibali alifungua faili. "Lifti yetu iliharibika lini mara ya mwisho?"

"Haijawahi, mheshimiwa. Miaka sita."

"Haijawahi! Basi fundi wa nini?" Akaandika: hahitajiki.

Nyumbani mkewe alishika kiuno. "Baba watoto, si ungelegeza hata nati moja? Wenzako wanaharibu kila siku, wanaitwa wataalamu!"

"Mama watoto, mkono wangu haujui kulegeza."

"Basi mkono wako ufunge masanduku."

Kibali kikaisha Ijumaa. Jumatatu ilikuwa siku ya lifti kukaguliwa, nani aikague? Alhamisi ikagoma katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, na afisa yumo ndani, peke yake na chai yake.

Mlinzi akatumwa mbio kumwita fundi. Alikuja, akaketi kwenye ngazi, mfuko wa spana magotini.

"Fundi, fungua!" sauti ilitoka kwenye upenyo wa mlango.

"Shikamoo, mheshimiwa. Sina kibali. Nikigusa hata skrubu nimevunja sheria, na sheria yenyewe ni wewe."

Afisa akapaza sauti: "Katibu! Lete fomu na muhuri!"

Fomu ikapita kwenye upenyo, ikarudi imeandikwa miezi mitatu. Fundi akairudisha.

"Mtihani wa binti yangu ni baada ya miezi kumi, mheshimiwa."

"Unanibana wewe!"

"Mimi? Aliyekubana ni lifti."

Fomu ikarudi tena: mwaka mmoja. Mahali pa sababu palisomeka: "Anahitajika. Sasa hivi."

Fundi aliisoma mara mbili, akapuliza wino ukauke vizuri, akaikunja, akaitia mfukoni. Ndipo akafungua mfuko wa spana.