Mama na Kigoda cha Watu wa Kale

Mama alipotoka Maretadu, kule bara, kuja kunisalimia Tanga, nilimzungusha kwenye makumbusho madogo ya pwani, maana nilijiona mtoto mwema sana. Ya kwanza yalikuwa na nanga yenye kutu. Ya pili yalijivunia vipande vya sahani. Ya tatu yaliweka kigoda kama cha jikoni kwetu, na kibao kilichoandikwa: "Kiti cha watu wa kale wa bara." Mama alikuwa amechoka, akakikalia.

"Mama, inuka! Hicho hakikaliwi!" mwongozaji wa makumbusho alifoka.

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kigoda kisichokaliwa ni cha nini?"

Mara watalii wakaingia, wakampiga picha mama palepale alipokaa. Mwongozaji, mtaalamu wetu wa historia, akawaeleza kwamba watu wa kale walikaa hivyohivyo.