Benchi la Wajane na Kiti cha Rais

Kabla sijamsifu Tshiela, niseme kwanza kwamba ana mdomo. Karakana yetu hapa Kolwezi ina watu watatu: René mwenye karakana, ambaye kazi yake ni kujibu simu; mimi Lukusa, ninayechomelea; na Tshiela, anayechora kwenye kompyuta na kutuambia sote tulivyokosea. Nikichomelea kiti kikapinda, anakitazama kwa huruma na kuuliza kimeanza kuugua lini. Nimemzidi umri kwa mbali, ila heshima ninayopata ni neno "yaya" tu, yaani kaka mkubwa, na hilo nalo hulitamka akicheka.

Kazi yake ina uvivu ndani yake, uvivu wa akili. Hachori kitu mara mbili. Akitakiwa viti vya aina nyingi, anachora ubavu wa kiti mara moja, yaani umbo lake ukikitazama kwa upande, kisha anaviunganisha viti vyote na mchoro huo. Ukiugusa huo mchoro mama, ukaurefusha au kuukunja, viti vyote vinafuata vyenyewe. Mimi niliuita uchawi, mpaka nilipoona kwamba na mimi napumzika, kwa kuwa mabomba yote ya chuma nayakunja kwa umbo moja.

Basi kanisa letu lilijenga jumba jipya, likataka viti. Rais wa kamati ya ujenzi alikuwa Tata Kabemba, tata kwetu ni baba, mfanyabiashara wa madini kule Musonoi, mtu ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake. Kamati iliamua viti vyote vitumie ubavu mmoja, mfupi, ili chuma kisipotee. Wakubwa wangebandikiwa egemeo juu yake. Benchi la wajane, nyuma kabisa, lisingekuwa na egemeo, kwa sababu, alisema Tata Kabemba, mama akiegemea analala. Yeye mwenyewe hulala kanisani akiwa wima, sote tumemwona, lakini nani amwambie?

Mama yake Tshiela, Mama Mushiya, hukaa benchi hilo. Alipofiwa na mumewe aliwalea watoto kwa kuosha madini mtoni, ameinama majini miaka na miaka, na mgongo ukaharibika. Ibada ikifika katikati anashindwa, anatoka taratibu kwenda kujilaza nyumbani. Sasa alikuwa ameanza kusema hatakwenda tena kabisa, yeye aliyekuwa mwanakwaya. Tshiela aliniambia waziwazi kwamba anaogopa: mama akiacha kanisa, atabaki nyumbani akiongea na kuku.

Tulitengeneza kwanza kiti cha mfano, cha rais. Tata Kabemba akakikalia, akapiga kelele. Barabara ya Musonoi yenye mashimo imemwachia kiuno kibovu, na egemeo la kubandika lilimchoma palepale.

— Tshiela, mugongo inaniuma! Tengeneza muzuri.

— Ndiyo, tata.

Tshiela akafuta egemeo lile, akachora jingine ndani ya ubavu wenyewe, ndani ya mchoro mama. Nikachungulia kompyuta. Kila kiti kilikuwa kimeota mgongo, na benchi la wajane pia.

— Tshiela, na bajane?

— Yaya Lukusa, weye sudea chuma yako, uache kuuliza.

Tata Kabemba akarudi, akataka egemeo lilale kidogo. Likalala, kwa wote. Akarudi tena, akataka libonyee pale kiunoni. Likabonyea, kwa wote. Mzee yule alikijaribu kiti kwa makini kuliko fundi yeyote, akijigeuza na kuguna, na kila lalamiko lake likaenda moja kwa moja kwa wajane bila yeye kujua. Nilizipenda sana siku zake za kulalamika.

Alijua siku alipokuja kutoa ruhusa ya mwisho, kabla hatujakunja chuma cha viti vilivyobaki. Akaliona benchi kwenye kompyuta.

— Hii ni kiti ya nani?

— Ya bajane, tata.

— Nani alibapatia mugongo? Toa!

— Natoa, tata. Angalia.

Tshiela akaugusa mchoro mama. Egemeo likatoweka kwenye benchi. Likatoweka pia kwenye kiti cha rais, kikabaki kigoda cha jikoni.

— Ah! Na yangu?

— Ni ubavu moja, tata. Kamati njo ilisema.

Kweli, kamati ndiyo iliyosema. Sasa, kukata kiungo kile kunawezekana. Kuna kitufe chake. Tshiela alikitumia mbele yangu kwa mageti ya mteja wa Kasaji. Tata Kabemba akanigeukia.

— Lukusa, haiwezekane kutenganisha?

— Tata, mi nasudea tu. Ile ya mu ordinateur ya Tshiela, siyue.

Nilidanganya kwa raha kabisa. Mzee akasimama, mkono kiunoni, akikitazama kigoda chake kwa chuki.

— Rudisha. Lakini bakilala, njo weye nitauliza.

Jumapili ya kwanza ya viti vipya, siku ya yenga kama tuiitavyo, sikumtazama pasta, nilimtazama Mama Mushiya. Ibada ilipofika katikati, akaanza kujisogeza. Tshiela, aliyekaa karibu nami, akanishika mkono mpaka ukaniuma. Mama akarudi nyuma tu, akaegemea vizuri, akaendelea kusikiliza. Akasikiliza mahubiri yaliyobaki, akasikiliza matangazo, hata lile la mtu aliyepoteza funguo. Mbele, Tata Kabemba alikuwa amelala zamani. Baraka ya mwisho ilipotolewa, Tshiela alikuwa analia bila kujificha, na mimi sikumcheka, ingawa nafasi ilikuwa nzuri.

Nje akamkimbilia mama yake.

— Mama, mugongo?

— Mugongo iko muzuri, mwana.

Mama Mushiya akatazama huku na huku, akashusha sauti.

— Lakini, Tshiela, miaka yote nilikuwa nalia ju sisikie mwisho ya mahubiri. Kumbe mwisho njo hii tu?

— Njo hii, mama.

— Basi siku ya yenga nitarudia. Ju ya pasteur, hapana. Ju ya kiti.